Titanic: chuma kimesemwa kweli, watu wamesingiziwa

SWALI: Shikamoo Kapteni. Ninafundisha historia katika sekondari moja mkoani Tabora. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawaishi kubishana kuhusu filamu ya Titanic. Wapo wanaoapa kuwa kila kilichomo ni kweli, hata Jack na Rose, na wapo wanaosema ni uongo mtupu wa sinema. Lililowachoma zaidi ni maskini kufungiwa chini kwa mageti ili matajiri wapate boti. Wanauliza pia kama ni kweli ofisa wa meli alijipiga risasi. Nataka niwaonyeshe filamu darasani kisha tujadili. Nichukue ipi, na niwaambie nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na lililo jepesi. Jack Dawson na Rose hawakuwahi kuwapo. Ni watu wa kubuni wa James Cameron, aliyeiandika na kuiongoza filamu ya mwaka 1997. Wajanja wa darasani watakuletea picha ya kaburi lililoandikwa "J. Dawson" huko Halifax, Kanada, kwenye makaburi ya Fairview Lawn. Kaburi hilo lipo, namba 227, na tangu filamu itoke mashabiki wamekuwa wakipeleka maua. Aliyelala pale ni Joseph Dawson, kijana kutoka Dublin ambaye kazi yake melini ilikuwa kusomba makaa ya mawe kuyapeleka kwa wachochea moto. Hakuwa mchoraji, wala hakupata tiketi kwenye kamari. Alikuwa kibarua wa chini kabisa, na maua anayoletewa ni ya mtu mwingine.

Sasa filamu yenyewe. Msimamo wangu ni kwamba Cameron alikuwa mwaminifu sana kwa chuma, ila watu hakuwatendea haki. Wanafunzi wako wa pande zote mbili wana ukweli kiasi, basi tu wanagombania pasipostahili.

Mwaka 1995 Cameron aliteremka mara 12 hadi kwenye mabaki ya meli, kina cha mita kama 3,800, kwa nyambizi ndogo za Kirusi ziitwazo Mir. Aliporudi akajenga meli ya karibu ukubwa ule ule ufukweni Rosarito, nchini Mexico, ndani ya hodhi la maji ya bahari. Kwa kubana gharama ulijengwa ubavu wa kulia tu. Lakini siku ile ya tarehe 10 Aprili 1912, Titanic ilifungwa gatini Southampton kwa ubavu wa kushoto, na ubavu huo Cameron hakuwa nao. Basi wakapiga picha za bandarini kwa ubavu uliopo, kisha wakazigeuza kama mtu ajitazamavyo kwenye kioo. Ili maandishi yasomeke sawa baada ya kugeuzwa, yakaandikwa kinyumenyume, na mwigizaji aliyetakiwa kwenda kulia akaambiwa aende kushoto. Ukiitazama sehemu ile huwezi kugundua lolote.

Kwenye mgongano pia wamefanya kazi safi. Ofisa wa zamu, William Murdoch, alitoa amri ya usukani wote kulia, na omo (sehemu ya mbele ya meli) ikageukia kushoto. Watu wengi husema hapo filamu imechemsha. Haijachemsha. Zama zile amri zilitajwa kwa kufuata kana, ule mti wa kushikia usukani: ukiusukuma kulia, chombo kinakwenda kushoto. Nahodha yeyote wa mashua ya tanga anakuelewa hapo bila maelezo. Utaratibu huo ulikuja kubadilishwa kimataifa miaka ya 1930, na hata mimi nilipokuwa nasomea ubaharia bado walimu wazee walikuwa wakitutania nao.

Ilikuwa saa 5:40 usiku wa tarehe 14 Aprili, meli ikienda kasi ya kama noti 22 (kilomita 40 hivi kwa saa), bahari imetulia kama haipo, hakuna mwezi. Barafu ilipita ikikwaruza ubavu wa kulia chini ya maji. Wengi hudhani ilichanwa tundu kubwa la kupitisha basi. Edward Wilding, mhandisi wa kiwanda cha Harland & Wolff cha Belfast kilichoijenga, aliiambia tume ya Uingereza iliyochunguza ajali kwamba kwa hesabu zake nafasi zote zilizofunguka, ukizijumlisha, ni futi za mraba 12 hivi. Hiyo ni mita ya mraba moja na ushee, haufikii mlango wa darasa lako. Shida ni kwamba nafasi hiyo ndogo ilisambaa kwa urefu, mabati yakiachana kwenye riveti hapa na pale, ikagusa vyumba vingi kwa mkupuo. Titanic ilikuwa na vyumba 16 vya kuzuia maji, na iliweza kuelea hata vinne vya mbele vikijaa. Safari hii maji yaliingia zaidi ya vinne. Kuta za vyumba hivyo hazikupanda juu vya kutosha, kwa hiyo omo ilivyokuwa ikididimia ndivyo maji yalivyofurika ukuta mmoja kwenda chumba kinachofuata. Thomas Andrews, msanifu wake, alikuwamo safarini. Akakagua, akapiga hesabu, akamwambia Nahodha Edward Smith kwamba meli inakwenda. Ilizama saa 8:20 usiku, saa mbili na dakika arobaini baada ya kugonga. Yote hayo kwenye filamu yako vizuri, na mimi kama mtu wa meli sina ugomvi nayo.

Kuna jambo moja la chuma litakalokufaa sana darasani, nalo ni kukatika kwa meli. Ndani ya filamu ya 1997 inakatika vipande viwili. Ndani ya filamu ya Uingereza ya mwaka 1958, A Night to Remember, inazama nzima. Tofauti inatokana na wakati. Mwaka 1912 tume zote mbili, ya Baraza la Seneti la Marekani na ya Uingereza, zilihitimisha kwamba meli haikukatika. Ofisa wa pili, Charles Lightoller, ofisa wa cheo cha juu kuliko wote walionusurika, alishikilia hivyo. Kumbe walikuwapo abiria na mabaharia kadhaa waliosema wameiona ikikatika kwa macho yao, mmojawao Jack Thayer, kijana wa miaka 17. Hawakusikilizwa. Septemba 1, 1985, Robert Ballard na Mfaransa Jean-Louis Michel walipoyapata mabaki, omo ilikuwa huku na tezi, yaani sehemu ya nyuma, iko kule, mita mia kadhaa mbali. Waliosema kweli walisubiri miaka 73 kuaminiwa, na wengi wao walikuwa wameshafariki. Kwa hiyo mwanafunzi akikuambia filamu ya 1958 "inadanganya", mwambie hapana, imefuata walioaminiwa. Kisha muulize: ni nani hasa walioitwa kutoa ushahidi? Swali hilo ndilo litakalokupeleka kwenye mageti.

Vizuizi vilikuwapo kwelikweli. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ilitaka abiria wa daraja la tatu wasichanganyike na wengine, kwa hofu ya magonjwa ya kuambukiza, hivyo kila meli ya wahamiaji ilikuwa navyo. Vingi vilikuwa vigeti vifupi kwenye sitaha za wazi, unaweza kuvuka kwa kuinua mguu, pamoja na milango ya kawaida. Yale mageti marefu ya chuma kutoka sakafuni hadi darini, abiria wakiyatikisa huku mhudumu yuko upande wa pili na funguo, watafiti waliopekua michoro ya meli hawajayakuta kwenye ngazi za abiria. Ni picha ya sinema, tena si ya Cameron peke yake. Vizuizi vya kuwazuia maskini vimo hata ndani ya ile ya 1958.

Lakini usikimbilie kuwaambia wanafunzi kwamba basi hakukuwa na kufungiwa. Daniel Buckley, kijana wa Ireland wa daraja la tatu, aliwaeleza maseneta wa Marekani alichokiona. Walipanda ngazi kutoka sitaha yao kwenda upande wa daraja la kwanza, na juu ya ngazi palikuwa na kigeti. Abiria aliyemtangulia alisukumwa chini na baharia, kisha baharia akakifunga kigeti na kukimbia. Yule abiria akapandwa na hasira, akakivunja, wakapita. Huo ni ushahidi wa kiapo. Ni kigeti kimoja, baharia mmoja, na watu waliopita.

Mimi naona kilichowaua wengi hakikuwa kufuli. Tazama jinsi meli ilivyopangwa: wanaume wasio na wake waliwekwa mbele kwenye omo, wanawake na familia nyuma kabisa kwenye tezi, sitaha za chini. Boti zilikuwa juu kabisa, eneo la daraja la kwanza na la pili. Hakukuwa na njia ya moja kwa moja ya abiria wa tatu kufika huko. Walipaswa kupita korido ndefu, kupanda, kukata sitaha ya wazi, kupanda tena, kwenye sehemu ambazo tangu safari ianze walikuwa wamekatazwa kukanyaga. Hawakuwa wamefanyishwa zoezi la boti. Wengi walikuwa Waswidi, Wafini, Wabulgaria, Waarabu wa Shamu, watu wasiojua Kiingereza. Hakuna kengele ya hatari iliyopigwa meli nzima. Mhudumu aligonga mlango mmoja mmoja, na huko chini mhudumu mmoja alikuwa na vyumba vingi mno.

John Hart alikuwa mhudumu wa daraja la tatu. Aliieleza tume ya Uingereza kwamba alikusanya kundi la wanawake na watoto kama 30, akawaongoza njia nzima hadi kwenye boti, kisha akarudi chini kuchukua kundi jingine la kama 25. Baadhi ya wale wa kwanza walipofika juu waliona giza na baridi, wakarudi vyumbani kwenye joto. Safari ya pili ilipoisha, boti zilikuwa karibu zote zimekwisha kushushwa. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi ubaguzi unavyofanya kazi, chukua safari mbili za Hart. Pale hukuti mtu mbaya mwenye ufunguo. Unakuta mtu mwema mmoja anayejua njia, na meli nzima ambayo haikupanga nani awaongoze wale wengine.

Matokeo yake yako kwenye takwimu za tume ya Uingereza. Wanawake wa daraja la kwanza waliokoka 140 kati ya 144. Wa daraja la pili 80 kati ya 93. Wa daraja la tatu 76 kati ya 165. Watoto wa daraja la pili walikuwa 24, wakapona wote. Wa daraja la tatu walipona 27 kati ya 79. Usiache pia kuwaonyesha hesabu inayovuruga hadithi nyepesi ya tajiri na maskini: wanaume wa daraja la pili walipona 14 tu kati ya 168, uwiano mbaya kuliko wa wanaume wa daraja la tatu, 75 kati ya 462. Waache wabishane kwa nini. Mimi naamini wale wa daraja la pili walifika sitaha ya boti mapema, wakaambiwa wanawake kwanza, wakasimama kando wakatii mpaka mwisho.

Tume hiyo, chini ya Lord Mersey, iliamua kwamba abiria wa daraja la tatu hawakubaguliwa. Haikumwita hata abiria mmoja wa daraja la tatu kuja kuulizwa. Marekani waliwaita watatu, Buckley akiwa mmojawao. Hapo ndipo sinema zimejipatia nafasi ya kujaza. Cameron aliijaza kwa mageti, na kwa kweli hasira yake naielewa, ila mageti yamewarahisishia watazamaji. Ukiona kufuli unamlaumu mwenye ufunguo, unarudi nyumbani umeridhika.

Idadi ya boti nayo ni ya kanuni, si ya uchoyo wa mtu mmoja. Boti zilikuwa 20, nafasi 1,178, kwa watu kama 2,200 waliokuwamo. Sheria ya Uingereza iliyokuwa ikitumika tangu 1894 ilidai boti 16 tu kwa meli yoyote ya tani 10,000 na kuendelea. Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000. Kampuni ya White Star Line ilikuwa imevuka kiwango cha sheria. Walikufa watu kama 1,500, wengi wao kwa baridi na si kwa kunywa maji, maana maboya ya kuvaa walikuwa nayo na maji yalikuwa chini ya nyuzi sifuri. Hata nafasi zilizokuwapo hazikujazwa: boti namba 1 ilikuwa na nafasi 40, ikashushwa na watu 12.

Sasa Murdoch. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Ndani ya filamu anapokea rushwa, anapiga watu risasi, kisha anajimaliza. Rushwa imetungwa. Kuhusu risasi, ni kweli baadhi ya manusura waliandika barua wakisema waliona ofisa akijipiga, lakini hakuna ushahidi wa kuaminika uliothibitisha ni nani, au kama ilitokea. Lightoller alimwandikia mjane wa Murdoch kwamba alimwona hadi dakika za mwisho akihangaika kushusha boti ya kukunja, mpaka maji yalipomchukua. Tena Murdoch, aliyesimamia boti za ubavu wa kulia, ndiye aliyewaruhusu wanaume kupanda pale wanawake walipokuwa hawapo karibu. Lightoller, upande wa kushoto, aliwakatalia wanaume hata nafasi zikiwa wazi. Wapo wanaume wengi waliozeeka kwa sababu walikimbilia upande wa Murdoch.

Mji wake wa Dalbeattie, Scotland, ulikuwa umemwekea kumbukumbu kama shujaa. Filamu ilipotoka watu wake walikasirika, na mwaka 1998 mkubwa mmoja wa kampuni ya 20th Century Fox alifunga safari kwenda huko, akaomba radhi kwa ndugu zake, akatoa paundi 5,000 kwa mfuko wa shule wa kumkumbuka. Filamu yenyewe haikubadilishwa hata picha moja. Ila nyota zimebadilishwa! Mwanafalaki Neil deGrasse Tyson alilalamika kwamba nyota zinazoonekana juu ya Rose si za usiku ule mahali pale, na toleo la 2012 lilipotoka Cameron alikuwa amezirekebisha. Nyota zilipata haki yao, marehemu hakupata. Mtu aliyejisumbua kuandika maneno kinyumenyume ili bandari isikosee alishindwa kumpa mhusika wake jina la kubuni tu.

Kuhusu Bruce Ismay, mwenyekiti wa White Star Line, nitapita haraka. Magazeti ya Marekani yalimchafua tangu wiki ya kwanza kwa sababu alipanda boti akaishi, na karibu kila filamu imemfanya mwovu. Kwamba alimlazimisha nahodha akimbize meli, ushahidi wake ni mwembamba: abiria mmoja alisema aliwasikia wakizungumza juu ya kuwahi kufika. Manahodha wa zama zile walikwenda kasi kwenye barafu wakati hewa ni safi, wakiwategemea walinzi wa juu ya mlingoti. Ilikuwa desturi, na desturi hiyo ndiyo ya kushtakiwa.

Wanafunzi watakuuliza ule mlango aliolala Rose juu ya maji huku Jack akifa kwa baridi. Kwanza si mlango, ni kipande cha mbao za mapambo kilichofuatishwa kingine halisi kilichopo kwenye jumba la makumbusho la bahari Halifax. Kama Jack angetosha au la, Cameron mwenyewe alifanya majaribio na kuyaonyesha mwaka 2023, na mabishano hayajaisha. Mimi siyajali, kwa sababu mtu wa kwelikweli aliyeokolewa juu ya ubao yupo, na jina lake ni Fang Lang.

Fang Lang alikuwa mmoja wa mabaharia wanane wa Kichina waliokuwa wakisafiri daraja la tatu kwenda New York kuchukua kazi kwenye meli nyingine. Ofisa wa tano, Harold Lowe, ndiye aliyerudi na boti namba 14 kutafuta walio hai, baada ya kusubiri mpaka vilio vipungue ili boti isipinduliwe. Alikuwa amechelewa, waliopatikana wanahesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa Fang Lang, amejifunga kwa kamba kwenye ubao. Cameron aliipiga picha sehemu hiyo ya Mchina kuokolewa, kisha ikakatwa kwenye filamu iliyopelekwa kwenye majumba ya sinema. Wazo likabaki, likapewa Rose. Na Fang Lang na wenzake? Wachina sita walinusurika. Meli ya Carpathia ya Nahodha Arthur Rostron, iliyowaokota manusura, ilipowafikisha New York, wale wengine walipokewa na umati, hawa sita sheria ya kuwazuia Wachina ikawanyima hata kukaa. Kesho yake walikuwa kwenye meli ya mizigo, wanaondoka. Magazeti yakawaita waoga waliojificha chini ya viti vya boti. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja hadi watengenezaji wa filamu ya matukio halisi, The Six, walipowatafuta na kuwasafisha majina. Cameron aliunga mkono kazi hiyo kama mtayarishaji mkuu, na hilo lazima alipwe sifa yake.

Mwingine ni Joseph Laroche. Ulizia darasani kama kulikuwa na mtu mweusi ndani ya Titanic. Wengi watasema hapana, kwa sababu kwenye filamu hawakumwona. Laroche alikuwa mhandisi kutoka Haiti, mpwa wa Rais Cincinnatus Leconte, aliyesomea Ufaransa. Alikuwa na elimu, lakini kwa rangi yake hakupata huko kazi ya hadhi wala mshahara wa kutunza familia. Akaamua kurudi kwao na mkewe Mfaransa, Juliette, aliyekuwa mjamzito, na binti zao wawili, Simonne na Louise. Walikuwa na tiketi za meli ya Kifaransa iitwayo France, wakazibadilisha kwa sababu kampuni ile haikuruhusu watoto kula meza moja na wazazi. Wakapandia Titanic kwenye bandari ya Cherbourg, Ufaransa, daraja la pili. Mke na watoto waliokoka. Yeye ni mmoja wa wale wanaume 154 wa daraja la pili ambao hawakupata boti. Juliette alirudi Ufaransa, akajifungua mtoto wa kiume Desemba 1912, akampa jina la baba yake. Louise alifariki Januari 1998, wiki ambazo dunia nzima ilikuwa ikipanga foleni kumwona Jack. Hadithi ya mapenzi yenye meli, bahari na ubaguzi ilikuwapo tayari, na binti mmoja wa wenyewe bado alikuwa hai.

Niwaombee nafasi na mafundi wa injini. Umeme wa meli uliendelea kuwaka hadi dakika chache kabla ya kuzama, na umeme haujiwashi. Joseph Bell na mafundi wake walibaki huko chini. Hakuna fundi hata mmoja aliyerudi. Kwenye filamu utawaona sekunde chache, jasho na moshi, basi. Wapiga muziki wanane, ambao nao walikufa wote, wamepewa nafasi kubwa katika kila filamu. Simaanishi kwamba hawakustahili.

Kama una muda, waeleze kwamba Cameron alikuta njia imekwisha kukanyagwa. Filamu ya kwanza ilitoka mwezi mmoja tu baada ya ajali, Mei 1912, na mwigizaji wake Dorothy Gibson alikuwa manusura mwenyewe. Aliigiza akiwa na nguo zile zile alizookolewa nazo. Nakala zake zinaaminika ziliteketea kwa moto mwaka 1914, hivyo hakuna aliye hai anayeweza kuitazama.

Halafu kuna ya Wanazi, ya 1943, iliyotengenezwa chini ya Joseph Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, kuonyesha kwamba Waingereza ni watu wa pesa na hisa tu. Ndani yake wamechomeka ofisa Mjerumani wa kubuni anayeonya kila mtu na hasikilizwi. Mwongozaji, Herbert Selpin, aliwasema vibaya wanajeshi wakati wa kazi, akakamatwa, akakutwa amekufa rumande mwaka 1942. Filamu ilipokamilika ilizuiwa isionyeshwe Ujerumani kwenyewe. Meli waliyoitumia kupigia picha ni Cap Arcona. Mei 3, 1945, siku chache kabla ya vita kwisha Ulaya, ndege za Uingereza ziliishambulia ikiwa imejazwa wafungwa wa kambi za mateso, wakafa kwa maelfu, wengi kuliko waliokufa kwenye Titanic. Mtu akikuambia filamu ni burudani tu, mpe hiyo.

Sasa uchukue ipi? Kwa darasa, chagua A Night to Remember ya 1958. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, wanafunzi watanung'unika dakika za mwanzo kisha watatulia. Mtayarishaji wake, William MacQuitty, alikuwa mtoto wa Belfast aliyeishuhudia Titanic ikishushwa majini mwaka 1911, na ofisa wa nne wa meli yenyewe, Joseph Boxhall, alikuwa mshauri wao. Shujaa wake ni Lightoller, kwa hiyo hapo pia kuna upande, watambue hilo. Ikifika mahali pa kuzama, isimamishe, uwape habari ya 1985.

Ya 1997 ina saa tatu na robo, haiingii kwenye kipindi. Chukua kuanzia barafu kuendelea. Ukianzia mapema, ruka ile sehemu ya uchoraji, Jack anapomchora Rose akiwa uchi, usije ukaitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Na tafuta nakala yenye sauti ya asili. Wanafunzi wengi wanaijua filamu hii kupitia vibanda umiza, kwenye kanda zenye msimuliaji wa Kiswahili, na hawa jamaa ni mafundi wa kuongeza chumvi. Usishangae nusu ya ubishi wa darasani kwako ukiwa unatokana na msimuliaji na si Cameron.

Mwisho, ushahidi wa tume zote mbili umewekwa mtandaoni neno kwa neno, bure kusoma. Chapisha maelezo ya Buckley mbele ya maseneta. Ni mafupi na Kiingereza chake ni cha mtu wa kawaida, kidato cha tatu watakimudu. Gawa nakala kabla ya filamu, si baada, kisha waache watazame mageti wakiwa na karatasi mkononi.